Kiota Chini ya Pampu

Jumamosi, 12 Machi

Amerudi! Samaki trauti, jike, urefu wa mkono wangu, ubavuni kovu la meno ya sili, yule mnyama wa baharini. Nilikuwa navuka kijito pale chini ya pampu yetu, nikamkuta amelala upande, anapiga changarawe kwa mkia, anachimba kiota. Madume wawili nyuma yake wanafukuzana. Miaka mitatu kijito hiki hakijaona trauti hata mmoja aliyetoka baharini. Nilisimama majini mpaka miguu ikafa ganzi.

Silvano, mume wangu, sijamwambia.

Jumatatu, 14 Machi

Trauti ameshaondoka. Hawa si kama samoni, hawafi wote wakishataga. Mwenye nguvu hurudi baharini, na huenda akaja tena. Shoga yangu Odette, wa kikundi cha kulinda mto, amefunga utepe mwekundu kwenye mti, alama ya kiota. Mayai yako chini ya mawe, anasema, yanataka maji baridi yanayopita, mwezi hivi. Kisha akalitazama bomba letu linalovuta maji ya shamba.  Nikajifanya sijaona.

Jumatano, 6 Aprili

Silvano ameuona utepe. Kilichomuudhi ni kwamba nilimficha mimi, mkewe. Heri angefoka. Alikula maharage, kisha akaosha sahani yake — mume wangu huosha sahani akiwa na hasira tu.

Jumamosi, 9 Aprili

Redio imetangaza jalidi, baridi ya kugandisha, kesho kutwa alfajiri. Na mizabibu yetu imechipua wiki hii hii! Dawa ni moja: kuinyunyizia maji mfululizo mpaka machipukizi yavae barafu, barafu iyakinge. Maji yenyewe ni ya kijito. Mwaka juzi jalidi ilitubabulia nusu ya shamba.

Odette anasema mayai yangevumilia saa chache bila maji, mradi changarawe ina unyevu. Lakini sasa yameanguliwa. Vitoto bado vimebeba kiini cha yai tumboni, kuogelea haviwezi, maji yakikauka vimekwisha. Aliniuliza awaite watu wa serikali? Samaki hawa wanalindwa kisheria. Nikamwomba asubiri.

Sijui nimemlinda nani.

Jumapili, 10 Aprili

Tumezungumza, mimi na Silvano, hatimaye. Nilimwomba apunguze maji. Anasema ukiyapunguza kote, mizabibu inaungua kote, bora usiwashe kabisa. Basi usiwashe, nikamwambia. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka, akauliza kama aivike blanketi moja moja. Nikamwambia kushona naweza. Tukacheka wote wawili. 

Hakuahidi.

Jumatatu, 11 Aprili

Naandika hapa kijitoni; jiwe nililokalia ni barafu tupu, vidole havinitii. Pampu iliwaka alfajiri, sijavaa hata buti. Nikashuka mbio. Maji yalikuwa yamekwenda — mawe ya juu ya kiota yako wazi, meusi. Nikawa nachota kwa ndoo kwenye kidimbwi, namwaga juu ya kiota, yanazama, nachota tena. Odette akapiga simu. Sikupokea.

Silvano akaja. Alisimama ukingoni, koti limeganda mabegani. Nilidhani atasema nitaugua, nirudi ndani.  Katikati ya mawe mawili kitoto kimoja kilikuwa kinapapatika kwenye unyevu, macho makubwa, tumbo rangi ya chungwa. Sikumwonyesha. Alikiona mwenyewe. Akachutama, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kafunge vali ya shamba la juu," akasema.

La juu ni la mizabibu mikongwe, aliyoipanda babake. Nikamuuliza ana hakika?

"Nenda, Lorna. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Nimefunga. Huko juu vinyunyizio vimenyamaza. Niliporudi alininyang'anya ndoo, akaniamuru nikae. Pampu bado inavuta maji ya shamba la chini, na jua halijagusa kilima. Maji yamepanda upana wa kidole, au ni macho yangu. Mawe matatu bado yako wazi.

Simu tena. Odette. Silvano ameliona jina.

"Pokea," amesema, bila kuacha kumwaga.