Yai la Neema

Jumamosi, Kibosho. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimenuna kuliko mawingu.

Natangaza kwa heshima zote: kuanzia leo kuku wetu mwekundu anayetaga atalala chumbani kwangu, uvunguni mwa kitanda. Mzee wangu, mpangaji wa siku nyingi wa chumba hicho, amehamia sebuleni. Rambirambi hazipokelewi.

Wasomaji wangu wachache mnajua nafundisha lishe ya watoto ukumbini parokiani. Wanaume walikuwa hawaji. Uji, walisema, ni mambo ya akina mama. Ndipo akaja Baba Aneth, mume wangu. Kila kipindi alisimama kutoa ushuhuda: mjukuu wetu Neema, tunayemlea, anakula yai kila asubuhi, tena yeye babu mwenyewe ndiye anayemchemshia mimi nikiwa nimeshuka sokoni Kiboriloni kuuza ndizi. Akina baba wengine wakaanza kumfuata. Mimi nikavimba kama andazi.

Ila Neema hakuongezeka uzito. Nikampa dawa ya minyoo, wapi. Babu yake akambeba mwenyewe hadi kliniki, akamuuliza nesi kwa uso wa huzuni, "Sasa huyu mtoto ana shida gani?"

Kwa uso wa huzuni!

Leo ukumbini niliwauliza watoto, mbele ya wazazi, nani amekula yai. Neema hakuinua mkono. Nikamchokoza: si ulikula na babu?

"Babu anakula. Mimi namenya."

Ukumbi ukalipuka. "Meku, umepata mpishi!" akapaza sauti jirani yetu mmoja, akimwita mzee kwa Kichagga chetu, na mzee wa watu akainamia kofia yake. Akina baba wenzake walicheka kuliko wote. Nami nikacheka. Ningefanyaje? Ningelia, somo lingeishia pale.

Nyumbani nikamkabili. "Mama Aneth," akasema, "baba yangu alikula hivyohivyo, sisi tukimenya. Mbona tulikua?"

Yai ningelisamehe. Ile safari ya kliniki ndiyo iliyomhamishia sebuleni.

Ningependa kuandika kwamba alitubu. Kilichotokea hasa ni hiki: jioni nilichemsha yai, nikampa Neema mkononi, nikageuka kuepua sufuria. Akalimenya vizuri, bila kuacha hata kipande cha ganda, akalipeleka sebuleni kwa babu yake. Hakuna aliyemtuma.

Mzee akanyoosha mkono. Kisha akaniona mlangoni.