Nimegandisha Vitambaa vya Marehemu Kwenye Meza ya Mkangazi

Mpendwa mshauri, nakuandikia vanishi ikiwa bado kwenye kucha, naomba unisaidie kabla ya Jumapili na jina langu ulifiche. Mimi ni mwashi kutoka Berbice, Guyana, mwaka wa nne huu najenga kuta za watu hapa Barbados, mgongo umechoka, na nimepanga chumba kwa Bi Velda, mjane, mpishi wa shule, ambaye nampenda na sijamwambia. Sebuleni ana meza ya mkangazi ya ghorofa tatu, kibao kipana chini, chembamba juu, miguu imechongwa kama mananasi, kazi ya babu wa babu yake, na kila Krismasi hupakwa vanishi na mtu wa ukoo tu, sasa safari hii akaniambia, "Ramdeo, mwaka huu ipake wewe," nikafurahi mpaka nikaipaka mara tatu nzito kama napiga lipu, mvua ikanyesha, vanishi ikagoma kukauka, na mimi kwa aibu nikasema imekauka, akatandika vitambaa vya kroshia vya marehemu mama yake, na tuliporudi kutoka kanisani siku ya Krismasi vilikuwa vimeshika.

"Mbona hiki hakitoki?"

"Ni mtindo wa kwetu Berbice, Bi Velda. Kitambaa kinagandishwa ili glasi zisiteleze."

"Mtindo?"

"Wa zamani sana."

Alinitazama, akasema, "Haya baba," akaenda kukata nyama.

Majirani walipokuja kunywa soreli, kile kinywaji chekundu cha Krismasi, wakaisifu, na sasa watu wa nyumba tatu wanataka meza zao zifanyiwe hivyo hivyo, meza kuukuu kuliko kanisa letu, na Jumapili anakuja Mjomba Darnley, seremala anayezijua meza zote za parokia, kuukagua huo mtindo. Akiniumbua nimempoteza Bi Velda. Nikimbie nirudi kwetu, au niseme kweli?

Mwashi, Parokia ya Mtakatifu Lusi

JIBU

Pole kwa mgongo. Kwa mengine sikupi pole. Mtu mzima unaizulia Berbice yote mila kwa sababu ya kopo moja la vanishi?

Hukimbii popote. Kwanza, usiguse meza nyingine hata wakikuletea keki. Pili, usikwangue kwa kisu wala msasa. Mkangazi wa miaka mia hauoti tena. Mwendee Mjomba Darnley mwenyewe leo, usingoje Jumapili, mwambie, "Mzee, nimeharibu, nifundishe." Maseremala wazee hupenda sana kuambiwa hivyo. Atakuonyesha kulainisha kwa spiriti na kitambaa, kidogo kidogo, na utafanya wewe, wiki nzima ikibidi.

Lakini kabla ya mjomba, Bi Velda. Mwanamke anayevitunza vitambaa vya mama yake miaka nenda rudi anajua kitambaa kilichoganda kwa mtindo na kilichoganda kwa ujinga. Alijua tangu Krismasi. Akawaacha majirani wasifu, akanyamaza, akakulinda. Wewe unamwogopa mtu anayekusitiri? Mwambie umeharibu, halafu mwambie lile lingine ulilolificha miaka minne.

Na ufanye upesi. Majina yenu nimeyabadilisha, lakini meza ya ghorofa tatu yenye vitambaa vilivyoganda iko moja tu kisiwani, na gazeti hili hufika Mtakatifu Lusi saa nne asubuhi.