Mashine Iliyokuja Kupigwa Picha

Mwenzangu, uko wapi?

Ile mashine ya kusaga plastiki tuliyoahidiwa na manispaa imefika kikundini leo. Tumeimba, tumemshukuru Mungu, tumeizunguka tukapigwa picha. Lakini dereva wa lori hakuzima injini. Hakuzima!

Nikamuuliza bwana miradi wa manispaa, "Mbona fundi umeme hajaja?" Akacheka. "Mama, wewe weka dole gumba hapa, mengine tuachie sisi."

Dole gumba! Na wino ameshanifungulia. Ananikumbuka wa mwaka juzi, nisiyejua kusoma, hajui kama siku hizi naenda darasa la jioni.

Nikaichukua karatasi, nikasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Eti tumeitumia mashine miezi sita, na sasa tunairudisha kwa hiari yetu. Kwa hiari yetu! Nikarudia, nikidhani ni macho yangu.

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Dada, usituharibie, wataleta nyingine." Nikamwambia, "Kaka, kama wataleta, hii inaondoka kwa nini?"

Wenzetu wote waliopo wameshaweka dole. Wale wale wanaokatakata chupa kwa visu mpaka vidole vinatoka damu! Limebaki langu tu, la mweka hazina.

Basi nimemwomba Mungu, nimepanda juu ya mashine, nimekaa. Karatasi nimeikalia. Bwana miradi sasa ananiita "mama yangu mzazi".

Njoo na mwalimu wetu wa jioni aisome kwa sauti, wenzangu waisikie. Mimi sishuki.