Kompyuta Inayoganda Kwenye Ndafu

Jumatatu, 12 Januari 2004

Samahani kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Najiomba radhi mwenyewe, maana humu hasomi mwingine. Mtoto, wageni, kupanda Kirua kwa mama mkwe na kushuka, kufua. Hizo ndizo sababu. Leo mwanangu Glori kalala mapema, nimepata kukaa.

Kompyuta imeganda tena. Kazi ile ile, harusi ya Aikande wa Sanya Juu. Naiweka ibadilishe mkanda wa kamera kuwa CD. Kanisani inapita vizuri. Barabarani inapita. Ukumbini inaingia. Ikifika ndafu, kwisha. Mbuzi mzima wa kuchomwa amesimama mezani na majani mdomoni, maharusi wameshika kisu, kila mtu katoa meno, na hakuna kinachosogea. Mshale umekufa. Hata kuzima mpaka nikandamize kitufe kwa nguvu.

Nimemchoka huyo mbuzi.

Mama Aikande anasafiri Jumapili kwenda Bukoba kwa wakwe wa binti yake. Hawakuweza kuja, kwa hiyo yeye ndiye anawapelekea harusi. Jumamosi anapitia CD zake. Na Jumamosi hiyo hiyo Baba Glori, mume wangu, anashuka kutoka mlimani na wageni wake, watalii anaowaongoza. Kabla hajaondoka alisema wazi: kazi hii ikishindikana, kompyuta inauzwa, kuna mtu wa stationari anaitaka. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana naogopa.

Kamera ni yake, anapiga siku asizopanda mlima. Kompyuta ni yangu. Mimi ndiye najua kuichukua harusi ya kutwa nzima nikaikata ikawa ya kutazamika. Shule niliishia kidato cha nne, kushona sijui, biashara sina. Hiki ni kitu cha kwanza ninachokijua nyumba hii nzima peke yangu. Sitaki kiuzwe.

Jumanne, 13 Januari

Niandike nilivyofika hapa, labda nitaona kosa.

Mwezi wa kumi na moja Deo, mdogo wangu anayetengeneza kompyuta Kariakoo, alinielekeza kwa simu namna ya kuikimbiza prosesa, ubongo wa kompyuta. Unawasha, unabonyeza Delete kabla haijaamka, unatokea ukurasa wa bluu, unapandisha namba ya mwendo. Kiwandani waliipa mwendo wao, sisi tukaipa wetu. Kazi ya kutwa ikawa inaisha kabla ya chakula cha mchana. Nilifurahi kama mjinga. Deo alisema, "Lakini dada, ikileta ubishi, rudisha." Sikurudisha. Nani arudi kwenye kutambaa?

Desemba tuliipandisha Kirua Vunjo kwa mama mkwe. Kazi za kipaimara zilikuwa nyingi, nilizifanya kule kule. Haikuganda hata mara moja. Imeshuka Moshi, imeanza. Hilo ndilo sielewi. Mashine ile ile, mwendo ule ule, mtu yule yule.

Leo nimeshuku umeme. Jioni hapa Majengo taa inakuwa nyekundu kama kaa la moto, kila nyumba inapiga pasi. Nimeazima stabilaiza ya kutuliza umeme ya Mama Ritha jirani, ile anayowekea friji la duka lake. Kanipa huku kanuna: "Soda zangu zikichemka utazinywa wewe na huyo mbuzi wako." Maana habari imeshaenea.

Nimeifunga. Nimeanzisha. Kanisani, barabarani, ukumbini.

Ndafu. Imeganda.

Stabilaiza nimeirudisha.

Alhamisi, 15 Januari

Jana sikuandika. Glori ana jino linakuja, alikuwa mgongoni kutwa. Mgongo wangu si wangu tena.

Leo nimeifungua kwa kisu cha mezani. Nimechomoa memori, nikaisugua meno yake kwa raba ya shule kama Deo alivyowahi kunionyesha, nikairudisha. Kuwasha: pii, pii, pii. Glori kaamka analia, mashine inalia, nami karibu nilie. Nimeikandamiza memori mpaka ikatoa mlio wa kukaa. Ikawaka.

Nikasema basi ni mkanda, pale kwenye ndafu pana uchafu. Nikaiwekea kipande cha ndafu peke yake, tangu mbuzi anapoingia na nderemo mpaka mjomba wa mwisho anapolishwa.

Kimepita. Safi kabisa.

Kwa hiyo nilimsingizia mbuzi wa watu siku zote hizi. Si ndafu. Ni muda. Ikifanya kazi mfululizo kwa kiasi hicho lazima igande, iwe imefika kwenye mbuzi au kwenye mchungaji. Nimejisikia mjinga, lakini mjinga aliyesogea hatua moja.

Nikaweka mkono juu ya sanduku lake. Moto. Joto la mtoto wa kupeleka hospitali ya Mawenzi.

Na juu yake kitambaa. Kitambaa cha mama mkwe. Kafuma mwenyewe, rangi ya maziwa, maua pembeni. Redio yake ina chake, televisheni ina chake, viti vyote vina vyao. Siku tunashuka kutoka Kirua alinikabidhi akasema, "Kitu cha thamani hakikai uchi, mwanangu." Nimeifunika kila siku tangu hapo. Kinaning'inia mpaka nyuma, kimeziba matundu yote ya kupumulia. Kule Kirua ilikuwa wazi, na baridi ya kule unalala na sweta. Hapa Moshi, Januari, bati linachemka, nami nimeivika shela.

Nimekitoa. Nimeanzisha upya. Imeipita ndafu! Nilipiga makofi, Glori naye kapiga. Imeipita keki. Imefika kwenye zawadi, foleni ya akina mama na vitenge, ikarusha skrini ya bluu imejaa maandishi meupe. Ikajizima.

Nilikaa chini sakafuni. Nimechukia kila kitu: Moshi, joto, harusi, wanaooana.

Ijumaa, 16 Januari

Asubuhi nimeiacha bila ubavu, feni ya mezani inaipulizia tumboni. Mimi na mtoto tunatoka jasho, mashine ndiyo inapepewa. Zawadi. Skrini ya bluu. Pale pale.

Basi si joto peke yake.

Nikachukua tochi, nikachungulia mazabodi, ule ubao wa kijani unaobeba kila kitu. Karibu na prosesa kuna kapasita zimepangwa kama makopo madogo. Makopo ya mbali vichwa vyake ni bapa. Yale ya karibu na prosesa yamevimba juu kama maandazi. Moja limepasuka, limetoa kitu cha kahawia kimekauka.

Nimempigia Deo, nikamsomea maandishi ya ubavuni mwa makopo. Hata salamu sikumaliza.

"Dada, hizo ndizo zinailisha prosesa umeme. Wewe umeongeza mzigo, wapagazi wamevimba miguu."

Mtu yuko Dar anatania. Nimemuuliza dawa. Kasema zing'olewe ziwekwe mpya, ila kwa sasa nirudishe mwendo wa kiwandani, leo hii. Nikamwambia kwa mwendo ule kazi haimaliziki mpaka kesho.

"Na kwa huu wa kwako inamalizika?"

Nikamkatia simu. Mdogo wangu wa kuzaliwa. Nimemkatia kwa sababu amesema kweli na mimi sikuitaka.

Nikiwa bado nimeshika simu, hodi mlangoni. Mama mkwe, ameshuka sokoni, kaleta ndizi za mtori na maziwa. Nikamwamkia, shikamoo Mama, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye kompyuta. Iko uchi, ubavu mmoja haupo, kitambaa chake kimekunjwa kwenye kiti.

"Kumbe kitambaa changu kina chawa?"

Siku nyingine ningekirudisha haraka na kuomba radhi. Leo sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikamwambia, "Mama, kitambaa hakina kosa, ni kizuri mno. Ila hii mashine inapumulia mgongoni. Nikiifunika inakufa, na ikifa Baba Glori anaiuza." Nikamshika mkono, nikauweka pale nyuma, hewa ya moto ikampiga kiganjani.

Akaurudisha mkono. "Mae! Inahema kama ng'ombe aliyepandishwa kilima."

Nilidhani amekasirika. Kumbe anafungua khanga yake. Kamchukua Glori mapajani kwangu, kamfunga mgongoni. "Fanya kazi yako," kasema, akatoka naye uani kumenya ndizi.

Mikono miwili mitupu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nikawasha. Delete. Ukurasa wa bluu. Nikairudisha namba ilikokuwa. Niliumia kama ninayemrudisha mtoto wangu darasa la nyuma. Halafu nikakata. Hotuba ya mwenyekiti wa kamati nimeacha salamu na mwisho tu. Ya makamu wake nimeitoa yote. Kinachobaki nimekigawa mafungu matatu, CD tatu, kila fungu lifanywe peke yake, na katikati mashine ipumzike ipoe. Kanisa na barabara. Ukumbi mpaka ndafu na keki. Mwisho zawadi na muziki.

Naomba umeme tu.

Jumamosi, 17 Januari

CD ya kwanza ilikuwa tayari nilipoamka. Ya pili ilikuwa inatambaa. Nimepika uji, nimefua nepi, nimerudi, bado inatambaa. Sijawahi kuchukia mstari wa kijani kiasi hiki. Lakini haikuganda. Ilipofika ndafu nilitoka nje nisiione. Niliporudi walikuwa wanakata keki.

Mama Aikande kafika na begi la safari kabisa, na debe la maharage kichwani, anasema hayo ni ya wakwe. Kakaa kwenye kochi, kanyoosha miguu.

Ya tatu ilikuwa haijaanza vizuri. Nilifikiria kumwambia asubiri kidogo, kidogo, mpaka giza liingie. Sikufanya hivyo. Nimemwambia wazi: CD mbili hizi hapa, nimezijaribu kwenye deki mwanzo mpaka mwisho. Ya tatu, zawadi na muziki, haijaisha na haitaisha leo. Mashine inaumwa. Nitaituma kwa basi la Bukoba Jumatatu.

"Mama Glori. Mimi nimeshafunga mizigo."

"Najua, Mama. Nisamehe."

Akazigeuza zile CD mbili mkononi.

"Ndafu ipo?"

"Ipo."

"Anaonekana yule mjomba wa bwana harusi akilishwa kwanza? Maana wale wa Bukoba wanasema eti tulimruka."

"Anaonekana. Hata mafuta ya kidevuni yanaonekana."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Basi hiyo ya zawadi ichelewe tu. Wakiiona mapema wataanza kuhesabu vitenge."

Kaondoka nazo mbili kifuani, ndani ya khanga. Nimesimama mlangoni mpaka kapotea kwenye kona.

Baba Glori kafika jioni, pua imebabuka kwa jua la kileleni. Hata viatu hajavua. "Kazi imetoka?"

"Imetoka. Fungu la tatu bado."

Kakaa mbele ya kompyuta kuangalia mstari unavyojivuta. Nikamweleza yote, namba, kapasita, kitambaa. Kasikiliza. Halafu kasema wageni wanaokimbia siku ya kwanza ndio anaowashusha wamelala kwenye machela. Nilitaka kumrushia mwiko. Siku sita nimepambana na hiki kitu, yeye kaja na viatu vya matope kunifundisha.

Nikamuuliza kabisa, nisilale na hilo: "Unaiuza?"

Kavua kiatu kimoja. Kavua cha pili.

"Yule wa stationari nitamwambia atafute nyingine."

Akaomba maji ya moto ya miguu. Nimempelekea.

Jumanne, 20 Januari

Ya tatu imepanda basi jana. Mama Aikande kapiga simu kutoka Bukoba, kelele nyingi nyuma yake, wanaitazama ya pili kwa mara ya pili.

Leo joto limepungua, mlima umejifunika tangu asubuhi. Nimeanzisha kipaimara cha watu wa Sanya Juu, Mama Aikande ndiye aliyewaelekeza kwangu. Kinakwenda taratibu. Nimemnyonyesha Glori, kalala, jino limetokeza, jeupe kama punje ya mchele. Mashine inaunguruma. Sina haraka nayo. Hasira imeisha, uchovu umebaki, nao si mbaya sana.

Nimemtumia Deo ujumbe wa kumwomba radhi kwa kumkatia simu. Kajibu, "Nimezoea, dada. Sema unataka nini nikupandishie kwenye basi."

Najiandikia orodha ya kumtumia: kapasita za mazabodi, za kutosha zile zote zilizovimba na mbili za akiba, maandishi ya ubavuni yawe yale yale niliyomsomea, ziwe mpya, zisiwe za kung'olewa kwenye mashine kuukuu. Pasta nyeupe ya kupaka kati ya prosesa na kile chuma chenye meno cha kuipoza. Feni moja ya nyuma, isiyo na kelele. CD tupu, boksi moja. Waya wa risasi wa kulehemu, fundi redio wa hapa anasema wa kwake umekwisha. Na bisibisi ndogo ya nyota.