Usiufagie Mchanga wa Mlangoni

Assalamu aleikum, mjukuu wangu Abdi.

Hapa Iftin tu wazima, ila tangu uniulize namna ya kubandua ubao wa ndani wa mlango wa gari la spoti la marehemu baba yako, sikai kitako.

Weka bisibisi chini! Mkono wa kuzungushia kioo cha dirisha umeshikwa na klipu iliyojificha nyuma yake. Ujanani, Habaswein, nilikuwa naung'ang'ania mmoja kwa hasira, ndipo muuza maziwa akanipa kitambaa alichofunikia dumu. Nikakipitisha nyuma ya mkono, nikakivuta huku na huku, klipu ikaruka. Muuza maziwa huyo ndiye nyanya yako.

Ukibandua ubao wa mlango, utamwagika mchanga. Usiufagie. Ni wa huku kwetu; mwanangu aliubeba humo kila alipokuja kutuona. Nishafunga mzigo, nakuja na basi la asubuhi.

Babu yako