Waziri Yuko Tongoni

Tongoni, 9 Juni 1955

Mdogo wangu Zubeiri,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, mama hajambo, hasira ndiyo haijapoa.

Jumbe muuza nazi karudi na gazeti la huko Mombasa. Picha yako, umevaa tai, umeketi na wanafunzi wako wa sataranji. Wallahi nilifurahi, mpaka nilipofika chini: "Alifundishwa na marehemu baba yake." Baba yupi? Baba alikuwa hajui hata farasi aendavyo! Ulipougua surua, nani alikukalisha ukumbini akakufunza kete moja moja kwenye ubao wa bibi? Uliponishinda mara ya kwanza ulizunguka Tongoni nzima ukitangaza. Leo umesahau?

Nataka usahihishe. Kwa jina langu.

Dadayo,
Mwanamkasi

Mombasa, 30 Juni 1955

Dada, shikamoo. Natumai nyote mu wazima. Mimi kifua kinanisumbua kidogo tu.

Usinikasirikie. Miaka sita nimo ugenini, nimebeba magunia bandarini, ndiyo kwanza klabu imenipa ualimu. Ninaowafundisha ni watu wazima wenye maduka yao. Nikisema nimefundishwa na mwanamke wataniita mwalimu wa jikoni. Baba keshakufa, haimdhuru.

Mwezi wa nane tuna mashindano. Wanataka kuuona ubao wa kwetu. Mpe Jumbe aulete, tafadhali.

Tena, umesikia? Huku waziri hatumwiti waziri. Tumefuata Wazungu, tunamwita malkia. Ndiye mwenye nguvu kuliko kete zote.

Nduguyo mdogo,
Zubeiri

Tongoni, 17 Julai 1955

Zubeiri,

Salamu utazipata siku nyingine.

Kumbe! Ubaoni mwanamke anapita kila upande, wanaume wanamkimbia, nanyi mnampigia makofi. Dadako ndiye aibu! Mwanamke wa mti mnamheshimu, wa damu mnamficha jikoni. Ama kweli, shukrani ya punda ni mateke.

Ubao nauona hapa mbele yangu. Hautoki.

Mwanamkasi

Mombasa, 2 Agosti 1955

Dada, shikamoo tena, na mama namwamkia.

Barua yako imenitoa jasho. Jana nimesimama mbele ya klabu nzima nikasema gazeti lilikosea, aliyenifundisha ni jamaa yangu wa Tongoni. Hakuna aliyecheka. Basi tumeyamaliza, dada? Mashindano ni tarehe ishirini.

Nduguyo,
Zubeiri

Tongoni, 10 Agosti 1955

Mdogo wangu,

Salamu zimerudi, ila si zote. Mama kakuitikia.

Jamaa! Umelitafuta neno hilo, ukalipata. Jamaa hana jina, wala hajulikani ni mume au mke. Unadhani sikujui? Nimekufunza mimi kujificha nyuma ya kete.

Ubao anao Jumbe, atakufikia kabla ya mashindano. Kete zihesabu: thelathini na moja. Waziri mweusi ninaye mimi, nimemfunga kwenye pindo la kanga. Watu watakuuliza yuko wapi. Sema yuko kwa mwalimu wako. Watakuuliza mwalimu wako nani.

Hapo jibu mwenyewe.

Dadayo,
Mwanamkasi