Neno la Mjomba Kuhusu Hoki ya Nekesa

International City, Dubai
Jumamosi asubuhi

Kwako Dada Nafula,

Kwa heshima na taadhima naomba kuitangazia familia nzima, majirani wa pande zote mbili za ua, na yeyote aliyewahi kusema kwamba mimi sitafika popote, kuwa tangu Ijumaa ya wiki jana nimepandishwa cheo. Mimi sasa ndiye mfungua mlango wa kizimba cha wakosaji katika uwanja wa barafu. Mchezaji akimchezea mwenzake vibaya, refa anapiga kipenga, mkosaji anakuja kwangu, namfungulia, anaketi. Adhabu yake ikiisha namfungulia tena, anatoka. Kati ya hayo mawili naushika mlango. Mshahara haukuguswa, nadhani ili cheo kisinilevye.

Baada ya tangazo hilo, hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa Mama umepoa, au bado anainama shambani na kutuambia umepoa? Mimi ni mzima isipokuwa kifua. Kazini ni baridi ya friji, nje ni joto la jikoni, na katikati kuna mlango mmoja tu wa kioo. Nasimama kituo cha basi na sweta mbili na koti la mtumba, jua likiwa utosini, watu wananitazama kama mtu aliyepotelewa na nchi yake. Simiyu, yule wa Webuye ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye ndiye aliyekubebea barua hii, anasema mafua yangu yanastahili kupewa posho. Mpe chai, lakini usimwamini akikuambia nimenenepa. Ni sweta.

Likizo yangu imesogezwa tena. Meneja amesema inshallah. Hapa nimejifunza kwamba kuna inshallah ya ndiyo na inshallah ya usiniulize tena, na yangu aliitamka huku akiangalia simu yake. Basi Simiyu anakuja, mimi nabaki na mlango wangu.

Sasa nije kwenye neno mlilonituma. Nimepata ujumbe wako, na ule wa sauti wa Shemeji, ambao nusu yake ni kukohoa. Nimeelewa hivi. Shule ile ya upande wa Kisumu imeleta habari kwamba inamhitaji Nekesa kwa ajili ya michezo, na msipojibu kabla shule hazijafunguliwa nafasi hiyo anapewa mtoto mwingine. Wewe unataka aende. Shemeji anataka abaki kwenye shule yake ya bweni hapo karibu amalize masomo, kwa kuwa hajamwona mtu aliyejenga nyumba kwa fimbo ya hoki. Mmebishana mpaka mkachoka, ndipo mkakumbuka kwamba kwetu mtoto wa dada hakatiwi neno mpaka mjomba wake aseme, na kwamba mjomba mwenyewe, kwa bahati njema, anafanya kazi penye hoki. Shemeji akaongeza kwamba neno langu lisije kwa simu. Lije kwa karatasi, alishike mkononi, lisomwe Mama akiwepo.

Haya, Shemeji, shika vizuri.

Kwanza mjue kwamba hoki ya huku si ya Nekesa. Nekesa anakimbia juu ya nyasi akifukuza mpira. Hawa wanavaa viatu vyenye visu chini, wanateleza juu ya barafu, na wanachokifukuza ni kidude cheusi kama kifuniko cha mkebe wa rangi. Kinachofanana ni fimbo na ubishi wa watazamaji. Lakini nilijiambia, mchunga mbuzi hashindwi kumkagua kondoo. Tena hapa kwangu wapo mabingwa wawili wa kupima watoto wa watu, nikaona niazime akili zao kabla ya kutumia yangu.

Wa kwanza ni Sir Doug, Mkanada, mtaalamu wa lifti za yale majumba marefu ya Marina. Wa pili ni Madam Lyuba, Mrusi, mwenye duka la makoti ya manyoya Deira. Ndiyo, Dada, manyoya, Dubai, na yananunuliwa. Kila Ijumaa wanaketi nyuma ya kizimba, Sir na kahawa yake, Madam na blanketi lake, na wana mada moja tu: kijana anayeitwa Saif, mwana wa wenyeji wa hapa, umri miaka kumi na sita, mwembamba kama fimbo anayoichezea. Akiteleza, hata mimi nisiyejua kitu naacha kupiga chafya.

"Aondoke mwaka huu huu," Sir Doug husema. "Aende kwetu, akae na familia ya huko, acheze na wanaomzidi. Hapa ataoza."

"Umemwona mabega?" Madam humjibu. "Ya kuku. Wakimgonga mara moja huko kwenu mtamrudisha kwenye bahasha. Mwache miaka miwili ale."

"Miaka miwili ijayo nani atamtaka? Thamani yake ni leo."

"Unaongea kama unauza gari."

"Na wewe kama unamtilia mbolea."

Hizo ndizo heshima zao. Nikifumba macho najiona niko Chwele siku ya mnada. Mmoja anasema mtamba huyu auzwe sasa kabla ya kiangazi kumkausha, mwenzake anasema angoje azae kwanza, na wote wawili wameshamkagua kwato, meno na nyonga. Tofauti ni kwamba pale Chwele mwenye ng'ombe huwa amesimama hapo hapo na kamba mkononi. Sir Doug na Madam Lyuba si ndugu wa Saif, si walimu wake, wala sijawaona wakimsalimia. Wanamgombania tu.

Ila wanajua kutazama, hilo siwanyimi. Kwao nimejifunza kwamba mchezaji akaguliwe miguu kabla ya mikono, na kwamba ukitaka kumjua, mtazame wakati hana mpira. Nimejaribu elimu hiyo kwa watu wa hapa chumbani. Ni kweli kabisa. Mtu hujulikana sufuria ikiwa kwa mwenzake.

Basi Ijumaa ile ya cheo, mchezo ulipopumzika na lile trekta lao likapita kulainisha barafu, nikajitia ujasiri. Nikatoa simu, nikafungua ile video ya Nekesa ambayo umenitumia mara tatu.

"Sir, Madam, samahani. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Kuna shule inamtaka. Mngesemaje?"

Wote wakavaa miwani. Wakaitazama, wakairudia, Madam akanishika mkono ili nisiitikise.

"Ana mikono laini," akasema Sir Doug. Kwa lugha yao hiyo ni sifa ya mtu anayeutuliza mpira kwa fimbo bila kuushtua. Nikaifikiria ile mikono ikipalilia mahindi ya Mama, nikasema asante.

"Anautazama mpira tu," akasema Madam Lyuba. "Wenzake hawaoni. Miaka mingapi?"

"Kumi na mitano, Madam."

"Basi bado ataona," akadakia Sir Doug. "Aende akakutane na wakubwa."

"Abaki. Ale."

"Kwako kila mtu ale."

"Wewe umemwona nani aliyeharibika kwa kula?"

Wakaendelea hivyo, wakamchanganya Nekesa na Saif wakawa mchezaji mmoja, simu ikazima mkononi mwangu na hakuna aliyegundua.

Nikamsimulia Simiyu tukiwa kwenye basi la kurudi.

"Kwa hiyo mabingwa wameamuaje?" akaniuliza.

"Mmoja amesema aende, mmoja amesema abaki."

"Hayo si ndiyo ya dada yako na shemeji yako?"

"Ndiyo hayo."

"Yaani umevuka bahari kuja kusikia ya kwenu Kimilili kwa Kirusi."

Kuna siku Simiyu anasema kweli na ni bora kutazama dirishani.

Wiki nzima nikawa sina neno. Nilianza barua hii mara mbili nikaichana. Nikiandika aende, namwona Shemeji akiikunja karatasi taratibu. Nikiandika abaki, nakuona wewe umeingia jikoni na hutoki. Na jambo jingine lilinikalia vibaya. Nekesa nilimwacha akiwa anang'oka meno ya mbele. Kwenye ile video ni wewe uliyenielekeza, yule mwenye soksi zilizoshuka ndiye, la sivyo ningewashangilia watoto wote. Sasa mimi nisiyemtambua kwa sura ndiye nimkatie neno.

Jana nikasaidiwa na kazi yangu mwenyewe. Saif alimwangusha mtu, refa akampigia kipenga, akaja kwangu. Nikamfungulia. Akaketi, kofia yake ngumu magotini, mvuke ukimtoka kichwani, na huku anatetemeka. Nyuma ya kioo Sir na Madam walikuwa wameshaanza, huyu anasema kosa lile linaonyesha moyo, yule anasema linaonyesha njaa.

Nikamwambia, "Sir Doug anasema uende Kanada."

"Najua. Nawasikia kila wiki," akasema. "Hiki kioo si kinene."

"Madam anasema ubaki ule."

"Hata mama yangu anasema hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya viatu alivyovaa. Akafikiri kweli kweli, Dada, mpaka nikaogopa adhabu yake itaisha kabla hajajibu.

"Wallahi, mimi baridi siipendi."

"Kanada kuna baridi."

"Nimesikia."

"Sasa hoki ya barafu unachezea nini?"

"Nje ni joto," akasema.

Adhabu ikaisha. Nikamfungulia mlango, akarukia kwenye barafu, na kabla sijaurudisha alishawapita watu wawili. Nyuma yangu Sir Doug akamwambia Madam Lyuba kwamba umeona, kijana ana kiu ya kufika mbali.

Hapo ndipo neno langu liliponijia, na sasa naliandika, Shemeji, kwa hiyo Dada asome polepole.

Mimi Barasa, mjomba wa Nekesa, sijasema aende wala sijasema abaki. Nasema hivi: kikao hicho kabla hakijaendelea, Nekesa aitwe kutoka jikoni. Apewe kiti, si kule mlangoni na sinia mkononi. Aulizwe anataka nini, na asijibiwe mpaka amalize. Akisema anaenda, neno langu ni aende, na Shemeji hana rufaa. Akisema anabaki, neno langu ni abaki, na wewe Dada huna rufaa, wala usininunie kwenye simu. Akisema vyovyote mtakavyo, aulizwe tena, maana hilo si jibu, hiyo ni adabu tu. Na msiniombe kutaja thamani yake. Fungu la mjomba kwenye mahari linajulikana, na mwenye fungu haitwi kupima.

Hilo ndilo neno. Karatasi Shemeji anaweza kuikunja sasa.

Nisalimie Mama, mwambie kikohozi changu ni cha kazi si cha ugonjwa, na asinitumie mitishamba kwa mkono wa mtu anayepita uwanja wa ndege. Msalimie mdogo wetu wa mwisho aliyeko chuo cha ufundi, mwambie nimeona picha yake akiwa na miwani ya kuchomelea, na kwamba miwani ile huvaliwa wakati wa kuchomelea. Mke wa mchungaji ananiombea, najua, mshukuru. Fundi baiskeli wa njia panda anayenitunzia redio, mwambie naikumbuka redio yangu, naye atajua maana yake. Shemeji nimeshaongea naye vya kutosha, lakini mpe mkono.

Ni mimi mdogo wako, mwenye ufunguo wa wakosaji,

Barasa

Tanbihi. Ni jioni sasa, na Simiyu bado anapigana na zipu ya sanduku, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuongeza. Niliona si vizuri kuwaachia nyinyi kazi ambayo hata mimi ningeweza kuifanya. Mchana nimepiga simu ya Mama mkiwa sokoni, nikaomba nimsikie Nekesa mwenyewe. Nikamwuliza kama anataka kwenda shule ile. Akasema ndiyo Mjomba, kabla sijamaliza swali. Nikafurahi, nikampa yote niliyookota hapa kwa Sir na Madam: kichwa juu, atazame wenzake na si mpira peke yake, fimbo aishushe, akigongwa asilipize mbele ya refa. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana heshima kama wewe. Halafu akaniambia wanamtaka kwa voliboli. Hoki aliiacha mwaka jana.